Displasia ya umio na tumbo: inavyoondolewa kwa endoskopi kabla haijawa saratani, na kwa nini sisi wa Kanda ya Ziwa tunachelewa

Muuguzi Mstaafu (Isamilo, Mwanza)

Wanajamvi, nawasalimu.

Kila tunapojadili saratani ya umio hapa, yaani saratani ya ile njia inayopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni, mazungumzo huanzia pale mgonjwa anaposhindwa kumeza ugali, na huishia kwenye mpira wa kulishia, mionzi na msiba. Sehemu kubwa ya utumishi wangu nimeifanya katika chumba cha endoskopi, yaani kipimo cha mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni, na ninachotaka tukijadili ni hatua inayotangulia, ambayo haizungumzwi kwa sababu haiumi. Ni wakati ambapo seli za utando wa ndani wa umio zimekwisha kupoteza mpangilio wake wa kawaida, lakini bado hazijapenya kwenda chini. Hali hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye majibu ya kinyama, yaani kipande kidogo cha utando kinachokatwa na kupimwa maabara, kuwa ni displasia. Baka la namna hiyo linaweza kuondolewa kwa kupitia mdomoni, bila kupasua kifua, na mgonjwa akaendelea kula kwa umio wake mwenyewe. Maoni yangu ni kwamba tatizo letu la kwanza hapa Kanda ya Ziwa ni kwamba watu hawapimwi wakiwa bado wanameza vizuri. Uhaba wa vifaa na wataalamu wa kuondoa mabaka hayo, ingawa ni wa kweli, unakuja nyuma yake.

Msingi wa tiba hii ni kina. Ukuta wa umio una tabaka: utando wa ndani kabisa, chini yake tabaka laini lenye mishipa ya damu na ya limfu, kisha misuli. Seli mbovu zikiwa bado kwenye sehemu ya juu ya utando, uwezekano wa kuwa zimesafiri hadi kwenye tezi za limfu ni mdogo mno, kiasi kwamba kuliondoa baka lenyewe kunatosha. Zikifika kwenye mpaka wa chini wa utando huo uwezekano unaanza kupanda, na zikiingia tabaka la pili unapanda sana, hivyo kukata sehemu ya juu pekee ni kuacha ugonjwa nyuma. Tofauti ya milimita moja hivi ndiyo inayoamua kama mtu atatibiwa kwa endoskopi na kwenda nyumbani, au atahitaji upasuaji mkubwa wa kuondoa umio, dawa na mionzi.

Ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi hadi upande wa mashariki wa Afrika Kusini, unajulikana duniani kwa wingi wa saratani ya umio, na karibu yote ni ya aina inayotokana na seli bapa za utando wa kawaida wa umio. Wazungu siku hizi wanasumbuliwa zaidi na aina nyingine, inayoanzia chini karibu na tumbo kwa watu waliokaa na kiungulia miaka mingi, ambapo utando wa umio hubadilika ukafanana na wa utumbo. Badiliko hilo linaitwa umio wa Barrett, kwa jina la daktari mpasuaji wa London, Norman Barrett, aliyeandika habari zake mwaka 1950. Ninalitaja mapema kwa sababu maelezo mengi mtakayoyakuta mtandaoni yanamhusu mgonjwa wa Barrett, na mtu wa Magu au Misungwi akiyasoma anaweza kudhani kwamba kama hana kiungulia basi hayamhusu.

Kwa nini tunasema displasia si ya kupuuzwa? Huko Linxian nchini China, ambako saratani hii imekithiri, watafiti waliwafuatilia watu waliokwisha kuchukuliwa kinyama, na baada ya miaka 13 na nusu waliona kwamba kati ya waliokuwa na displasia nyepesi, karibu robo walipata saratani. Ya wastani, nusu. Na ya kiwango cha juu, karibu robo tatu. Jirani zetu nao wamelichunguza jambo hili: katika Hospitali ya Tenwek, Bomet, nchini Kenya, watu wa kawaida wasio na dalili yoyote walipimwa kwa endoskopi na aidini, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba asilimia 14.4 walikuwa na displasia ya kiwango kimoja au kingine. Hao ni watu waliokuwa wakilima na kula kama kawaida.

Sasa hiyo aidini. Baka la displasia mara nyingi halionekani kwa mwanga wa kawaida wa kamera. Utando unakuwa wa waridi kote, labda na wekundu kidogo ambao macho yenye haraka yatauruka. Daktari akinyunyiza maji ya Lugol, ambayo ni aidini iliyozimuliwa, utando mzima hugeuka kahawia kwa sababu seli bapa zenye afya zina akiba ya sukari inayoshika rangi hiyo. Seli zilizoharibika hazina akiba ya kutosha, kwa hiyo mahali pake hubaki peupe-njano, pakiwa na ukingo uliochongoka kama ramani. Ukisubiri dakika mbili au tatu, baka baya zaidi huanza kugeuka waridi huku kahawia ikiwa bado imelizunguka, na hapo hata mwanafunzi anaona mahali pa kuchukua kinyama. Mgonjwa anaweza kuhisi moto kifuani baadaye, na mwenye mzio wa aidini hafanyiwi. Mashine mpya zina kitufe cha mwanga maalumu wa bluu na kijani ambao huonyesha vishipa vidogo vya damu bila kunyunyiza chochote, ila aidini ni rahisi na kwa maoni yangu hakuna chumba cha endoskopi katika ukanda huu kinachopaswa kuikosa.

Karibuni kwa maswali. Nitajibu kadiri ninavyojua.

Ngosha wa Sengerema

Shikamoo mama. Uzi huu umenigusa moja kwa moja. Baba yangu mdogo ana miaka 58, ni mvutaji wa sigara, na chai yake huinywa ikiwa bado inafuka moshi. Alipimwa kwa sababu ya maumivu ya chembe ya moyo, katika hospitali ambayo sitaitaja, na majibu ya kinyama yakasema ana displasia ya kiwango cha juu kwenye umio wa kati. Alipewa vidonge vya kupunguza asidi na kuambiwa kwamba hana saratani, hivyo arudi akizidiwa. Familia ilifurahi na tukachinja mbuzi. Sasa ninaposoma hapa naona kama tulisherehekea mapema. Je, vidonge hivyo vinaweza kuliondoa baka? Na kama ni kukata, inafanyikaje bila kutoboa umio?

Muuguzi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Kwamba hana saratani kwenye kipande kile, ni kweli, na ni jambo la kushukuru. Kumwambia arudi akizidiwa ndiko nisikokubaliana nako hata kidogo, kwa sababu displasia ya kiwango cha juu haina kuzidiwa. Mgonjwa atakapohisi chakula kinakwama, kwa kawaida tayari ni uvimbe uliopenya. Vidonge vya asidi vitamtuliza chembe ya moyo, lakini displasia ya seli bapa haivisikii.

Kabla ya kuzungumzia kukata, mambo mawili. Kwanza, kinyama kile kisomwe tena na mtaalamu mwingine wa patholojia, yaani msomaji wa vinyama kwa darubini, na ombeni vile vioo vidogo vilivyobandikwa kinyama chenyewe, si karatasi ya majibu tu. Kipande kinachochukuliwa kwa koleo la endoskopi ni kidogo kama punje ya mtama, na mara nyingine ubaya halisi uko sentimita moja pembeni. Pili, arudiwe endoskopi kwa aidini ili mipaka ya baka ijulikane na kuonekana kama yapo mengine, kwa maana mabaka haya hupenda kutokea zaidi ya mahali pamoja. Ila daktari asidonoe-donoe baka hilo vinyama vingi kwa mara nyingine, kwani makovu yake hushikamanisha utando na tabaka la chini na kufanya kuliinua kuwe kugumu.

Kuliinua ndiko kunakojibu swali lako la kutotoboa. Daktari hupitisha sindano ndefu ndani ya mpira wa kamera, akadunga maji ya chumvi chini ya utando, mara nyingi yakiwa yamechanganywa na adrenalini kidogo ya kuzuia damu na rangi ya bluu ya kumwonyesha alipo. Utando huvimba na kuachana na misuli. Ukiinuka vizuri, ni ishara njema pia kwamba seli hazijapenya. Ukikataa kuinuka katikati huku pembeni umeinuka, daktari makini husita na kufikiri upya.

Baada ya hapo njia ziko mbili. Ya kwanza, ambayo kwenye barua za rufaa huandikwa EMR, baka huvutwa ndani ya kofia ya plastiki iliyovishwa kwenye ncha ya kamera, au hufungwa mpira mdogo shingoni, kisha kitanzi cha waya hulikaza na umeme hulikata. Ni ya haraka na inafaa kwa baka dogo, la sentimita moja au kuzidi kidogo. Baka kubwa kwa njia hii hutoka vipandevipande, na hapo anayesoma kinyama hawezi kuapa kwamba ukingo wote ulikuwa safi. Ya pili huandikwa ESD na ilianzishwa na Wajapani mwishoni mwa miaka ya 1990: daktari hutumia kisu chembamba cha umeme, akachora duara kulizunguka baka, halafu akalichuna taratibu kutoka chini hadi litoke zima. Inaweza kuchukua saa kadhaa, inahitaji mkono uliozoezwa miaka, na hatari ya kutoboa ni kubwa kuliko ile ya kwanza, lakini baka likitoka zima jibu linakuwa la uhakika.

Kuna kitu kidogo ambacho ndugu hawakioni, nami nimekifanya kwa mikono yangu mara nyingi. Kipande kikitoka hakitupwi kwenye chupa ya formalini hivihivi, kwa sababu kitajikunja kama jani kavu. Tunakitandaza juu ya kipande cha kizibo au sifongo, tunakibana pembezoni kwa pini nyembamba, tunaandika upande wa juu na wa chini, ndipo kinaingia kwenye dawa kikiwa kimelala. Mtaalamu wa patholojia huweza kukikata kwa mistari na kupima seli mbovu zimeshuka kiasi gani na kama ukingo ni safi. Zikionekana zimeingia tabaka la pili, au kwenye mshipa wa limfu, kukata kule kunahesabika kuwa kipimo tu, na mgonjwa hupelekwa kwenye upasuaji au mionzi.

Mpeleke Hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, kwanza, akaonane na daktari bingwa wa mfumo wa chakula. Siku hizi mnavuka kwa Daraja la Kigongo–Busisi, hamna tena kisingizio cha kukosa kivuko. Uliza waziwazi: ni nani hapa nchini anaifanya kazi hii kwa kawaida, na amewafanyia wangapi? Kama ni kwenda Dar es Salaam, ni heri safari moja ya maana kuliko kukatwa nusu-nusu na mtu anayejaribu.

Mama Nyakato

Dada, asante kwa elimu. Mimi nina vidonda vya tumbo vya miaka mingi. Nilipopimwa mwaka jana waliniambia nina polipu mbili tumboni, yaani vinundu vilivyoota kwenye utando, na bakteria. Je, hizo nazo ni njia ya kwenda kwenye saratani, na zinatolewa kwa namna hiyohiyo?

Muuguzi Mstaafu

Tumbo lina njia yake, dada yangu. Bakteria huyo, Helicobacter pylori, aligunduliwa na Barry Marshall na Robin Warren huko Australia, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005, na tangu 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limemweka katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa. Husababisha uvimbe wa muda mrefu kwenye utando wa tumbo, utando hukonda, baadaye hugeuka kufanana na wa utumbo, na kwa wachache hufika displasia. Mlolongo huo ulielezwa na Pelayo Correa wa Kolombia, na huchukua miaka mingi. Hivyo tiba yako ya kwanza ni kumwua bakteria kwa dozi kamili bila kuruka siku, kisha kupimwa tena kuhakikisha ameisha, jambo ambalo wengi hawalifanyi.

Kuhusu polipu, kila kitu kinategemea aina. Zipo ndogo zinazoota kwa waliotumia vidonge vya asidi kwa muda mrefu, nazo karibu zote hazina madhara. Zipo zinazotokana na uvimbe sugu, ambazo huondolewa zikizidi sentimita moja hivi, na nyingine hupungua bakteria akishakufa. Adenoma ndiyo displasia yenyewe, na hiyo huondolewa ikiwa ndogo au kubwa, kwa kitanzi au kwa kisu kama nilivyoeleza. Tafuta karatasi yako ya kinyama uone imeandikwa aina ipi. Kama haikuchukuliwa kinyama, hakuna anayeweza kukujibu.

Utumbo wa mwanzo, ule unaopokea chakula kutoka tumboni, nao unaweza kuota adenoma, hasa kwa familia zenye ugonjwa wa kurithi wa polipu nyingi. Ukuta wake ni mwembamba, na kuvuja damu au kutoboka siku kadhaa baada ya kukatwa hutokea zaidi kuliko tumboni. Hiyo ni kazi ya mtaalamu aliyebobea.

Tabibu wa Ukerewe

Naomba kuongeza jambo la visiwani. Wagonjwa wetu wengi wanaotapika damu hawana saratani wala displasia, bali wana mishipa ya umio iliyovimba kwa sababu ya kichocho cha utumbo kilichoharibu ini. Je, mtu wa namna hiyo akikutwa na baka la displasia, anaweza kukatwa?

Muuguzi Mstaafu

Swali zuri sana, tabibu, na vitabu vya Ulaya hawalijui vizuri kama sisi tulio pembezoni mwa ziwa hili. Hapa Mwanza mishipa iliyovimba ndiyo sababu inayoongoza ya kutapika damu kwa wanaofika kwenye endoskopi, na mvuvi wa miaka 45 aliyekulia majini anaweza kuwa na vyote viwili: kichocho tangu utotoni, na tumbaku, pombe kali na moshi wa kuni tangu ujanani. Kukata utando juu ya mshipa wa namna hiyo ni kukaribisha damu isiyozuilika. Kwa hiyo mtu wa visiwani apimwe ini, bandama na chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, kabla, na mishipa ifungwe kwanza hadi inywee, ndipo baka lifikiriwe, katika kituo chenye damu ya kutosha. Kufunga mishipa kwa mipira, kazi ambayo madaktari wetu wameizoea kutokana na kichocho, kunatumia kifaa ambacho ni ndugu wa karibu wa kile cha kufunga baka na kulikata. Mikono iliyozoea kifaa hicho tayari ipo, na kwa mtazamo wangu ndiyo ya kuanza nayo kufundisha.

Mdadisi wa Kirumba

Mama, kwa heshima zote, naona tunaota ndoto. Nchi ambayo mtu anasubiri miezi kupata kipimo akiwa tayari hamezi, unataka tuwapime wenye afya? Na wale waliopo Marekani wanachoma tu kwa joto bila kukata, kwa nini sisi tusifanye hivyo?

Muuguzi Mstaafu

Sijasema tumpime kila mtu, kaka. Ningeanza na mwenye ndugu wa damu aliyekufa kwa saratani ya umio, mvutaji au mnywaji wa muda mrefu aliyevuka miaka 40, na yeyote ambaye tayari amelazwa kitandani kwa endoskopi ya sababu nyingine. Huyu wa mwisho hatuongezei foleni. Tunachokiongeza ni aidini na subira. Miongozo ya Ulaya inataka endoskopi ya juu ya mara ya kwanza isipungue dakika 7 tangu kamera inaingia hadi inatoka. Nimeona zinazokwisha kabla mgonjwa hajamaliza kusema bismillahi. Na chai nayo tusiisahau: mwaka 2016 vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 viliwekwa katika kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Kuiacha kikombeni ipoe kidogo hakuhitaji bajeti ya wizara.

Kuchoma kwa mawimbi ya redio kumethibitishwa zaidi kwa umio wa Barrett. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2009 uliohusu watu 127, displasia ya kiwango cha juu iliisha kwa asilimia 81 ya waliochomwa, na kwa asilimia 19 ya wasiochomwa. Shida yake ni kwamba ukichoma hutabaki na kipande chochote cha kupeleka maabara, kwa hiyo kama palikuwa na saratani ndogo chini hutaijua. Kwa aina yetu ya seli bapa, ningependelea kukata panapowezekana.

Ngosha wa Sengerema

Mama, nimezungumza na baba mdogo, amekubali kwenda Bugando juma lijalo. Anachoogopa ni baadaye: atakula nini, na je, atakuwa amepona moja kwa moja?

Muuguzi Mstaafu

Siku ya kwanza kwa kawaida ni vinywaji baridi au vuguvugu, kisha uji mwepesi na vyakula laini kwa siku kadhaa kadiri daktari atakavyoelekeza, na vidonge vya asidi kwa wiki kadhaa ili kidonda kipone. Hapo ndipo vidonge vyake vina kazi. Ugali mgumu, mifupa ya dagaa na nyama choma vingoje. Kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, aseme kabla, na asizikatishe mwenyewe. Maumivu makali ya kifua, homa, shingo kuvimba na kutoa sauti ya kuchakacha ikibonyezwa, kutapika damu au choo cheusi kama lami, arudi siku hiyohiyo, usiku au mchana.

Kama baka lilizunguka zaidi ya robo tatu ya duara la umio, kovu litaelekea kuubana, naye ataanza kukwamwa na chakula wiki chache baadaye. Asidhani saratani imerudi. Huzuiwa kwa dawa za steroidi na hupanuliwa kwa puto, wakati mwingine zaidi ya mara moja.

Kuhusu kupona: baka lile likitoka lote na ukingo ukawa safi, limepona. Umio uliolizalisha bado ni uleule, kwa hiyo atarudi kwa endoskopi ya aidini baada ya miezi mitatu hadi sita, halafu kila mwaka. Akiendelea na sigara, mabaka mapya ni jambo la kutegemewa. Vioo vya kinyama mvichukue kabla ya kuondoka Sengerema, na barua ya rufaa itaje neno displasia pamoja na kiwango chake, maana barua iliyoandikwa maumivu ya tumbo tu itamweka kwenye foleni ya maumivu ya tumbo.